Herufi Nene ya Kijana Aliyeacha Shule

Kijana mwenzangu unayeandika, herufi hii unaijua hata kama jina lake hulijui. Ni ile nene, iliyoviringwa kila pembe, kama andazi lililoumuka vizuri. Jalada la santuri ya Beach Boys ya mwaka 1966, Pet Sounds, limeandikwa kwa herufi hiyo. Ndege za easyJet, kampuni iliyoanza mwaka 1995, nazo zimeivaa ubavuni. Inaitwa Cooper Black, na jamaa aliyeichora hakumaliza sekondari.

Oswald Cooper alizaliwa Ohio, Marekani, mwaka 1879, akakulia Kansas. Akiwa na miaka 17 aliacha shule akaingia kiwanda cha uchapaji kama kijana wa kutumwa, yule ambaye mikono yake haiishi wino. Ndoto yake ilikuwa kuchora picha. Basi akafunga safari hadi Chicago, shule ya uchoraji ya Frank Holme, na huko huko akang'amua kwamba kipaji cha picha hana. Wangapi kati yetu wangerudi nyumbani kimya kimya? Yeye akaingia darasa la kuchora herufi, la mwalimu Frederic Goudy. Mwaka 1904 akafungua ofisi ya matangazo na mwenzake, Fred Bertsch.

Cooper Black ilitoka mwaka 1922, ikisubiwa kwa risasi na kiwanda cha Barnhart Brothers & Spindler. Wachapaji wenye kujiheshimu walinuna. Wenye maduka, wao, waliigombania, maana ilisomeka toka ng'ambo ya barabara. Cooper mwenyewe alitania kuwa ni ya wachapaji wanaoona mbali wenye wateja wasioona mbali.

Mimi nadhani siri yake iko miguuni. Herufi yenye mguu bapa ikikaa upande kidogo tu, jicho linaisuta palepale. Hii mguu wake ni wa mviringo, hivyo hata ikiyumba haikuaibishi. Ndiyo maana miaka ya 1960 na 1970, zilipokuja herufi za kupiga picha na zile za karatasi za kukwangua, mtu yeyote aliweza kujipangia kichwa cha habari na kikapendeza. Si mchezo! Herufi ya fundi ikawa ya kila mtu, hadi kwenye fulana.

Na yule mwalimu je? Kampuni ya Lanston Monotype ilimtaka Goudy achore herufi ya kushindana na hii, naye akatoa Goudy Heavyface mwaka 1925. Mwalimu kumfuata mwanafunzi! Hiyo yake, hata hivyo, haikufika mbali kama ya kijana wake.

Cooper alifariki mwaka 1940, miaka 26 kabla ya jalada lile la Beach Boys. Ukifungua kompyuta yenye Microsoft Office, angalia orodha ya herufi, penye C. Mara nyingi utamkuta.