Benchi la Jeevanjee

Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo, sikumwambia mama. Kila asubuhi nilibeba begi, nikapanda matatu hadi tao na kwenda kukaa Jeevanjee. Sikuwa na pesa ya chai, na tao ukikaa mahali bila kununua kitu, mtu atakuja kukuuliza unangoja nani. Kwa benchi la bustani hakuna aliyeniuliza.

Ukishinda hapo unajua ratiba. Asubuhi ni ya watu wa bahasha za kaki, wanaotafuta kazi. Saa saba wahubiri wanafika na vipaza sauti. Baadaye ni zamu ya Bunge la Mwananchi, wabunge wasio na mshahara wala kiti cha ngozi, wanaobishana kuhusu bei ya unga mpaka jua lishuke. Nyasi ni za wenye usingizi. Ratiba hiyo haijaandikwa popote, na kila mtu anaifuata.

Mzee mmoja tuliyezoea kugawana benchi aliniambia siku moja, "Kijana, hapa unapokaa, mimi nikiwa rika lako ningeshikwa." Nilidhani anatia chumvi. Nikaenda kusoma.

Hakuwa anatia chumvi. Wakati wa ukoloni, mwanaume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande, kitambulisho kilichoonyesha ameajiriwa na nani. Mji ulikuwa wa mwenye kazi. Asiye nayo aliitwa mzururaji, akashikwa na kurudishwa rizavu. Tulipopata uhuru mwaka 1963, kipande kilikuwa kimeshaondoka, lakini Sheria ya Uzururaji ilibaki vitabuni. Ilifutwa mwaka 1997. Kumbe Kenya ilikaa huru zaidi ya miaka 30 na bado kukaa tu mjini bila kazi kungeweza kukupeleka ndani.

Mwaka huohuo wa 1997, Sheria ya Utulivu wa Umma nayo ilirekebishwa. Kabla ya hapo, mkutano wa hadhara ulihitaji leseni; sasa ukahitaji ilani tu kwa polisi. Kwa hivyo haki ya kukaa na haki ya kuongea zilikuja kwa mkupuo mmoja wa mageuzi. Nikiwaona hao wabunge wa benchi wakipigiana kelele, naona Sheria ya Uzururaji na ile leseni ya mkutano zikiwa hazipo.

Na bustani yenyewe nusura iende. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara kutoka Karachi aliyepata kandarasi za Reli ya Uganda, aliitoa kwa wakazi wa Nairobi mwaka 1906. Yeye mwenyewe alikuwa Mhindi katika koloni ambako ardhi nzuri ya Nyanda za Juu ilitengewa Wazungu. Mwaka 1991, waliosimamia jiji walitaka kuijenga maegesho ya magari na maduka. Mjukuu wake, Zarina Patel, akaongoza watu kupinga, na mpango ukafa. Miaka miwili kabla yake, Wangari Maathai alikuwa amepinga jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park. Alitukanwa bungeni, lakini jumba halikujengwa. Hayo yote yalifanyika enzi ya chama kimoja, wakati kumpinga mkubwa hakukuwa mchezo.

Mimi nilizaliwa baada ya hayo yote. Ndiyo maana nilidhani benchi ni benchi tu, kama mti au nguzo ya stima. Siku hizi nikipata limeng'olewa mahali, ati kwa sababu vijana wanakaa tu, huwa nauliza: wakikaa wanamkosea nani?

Mama nilimwambia ukweli hapohapo, Jumamosi moja aliyokuja tao kununua kitambaa. Kwenda hoteli hatungeweza, na nyumbani kuta zina masikio ya majirani. Alinyamaza kwa muda mrefu, mkoba wake mapajani, huku mhubiri akituombea bila kutujua. Halafu akauliza, "Na huku kote mwaka mzima, ulikuwa unakula nini?"

Nikamwambia. Tukakaa mpaka jua likashuka, na hakuna aliyekuja kutuuliza tunangoja nani.