TV ya flati imegoma kuwaka: mambo ya kukagua nyumbani kabla ya kwenda kwa fundi

Msimu wa mvua ukianza huku Nyanda za Juu Kusini, swali moja hutufikia sana studio: "TV yangu imezima ghafla, nifanyeje?" Kwa familia nyingi TV ya flati imenunuliwa kwa magunia ya mahindi, mpunga au viazi. Kuibeba kutoka kijijini hadi Mwanjelwa au Iringa mjini ni nauli, na ukifika unaweza kuambiwa "bodi imeungua" ukalipa bila kujua kama ni kweli.

Ndiyo maana tumeandaa makala hii. Matatizo mengi unaweza kuyatambua ukiwa nyumbani bila kufungua hata skrubu moja. Mengine ni ya fundi tu, lakini ukijua dalili yake utaongea naye ukiwa na uhakika.

Usifungue kifuniko cha nyuma

Tunaanza na hili kwa sababu linaua. Umeme wa nyumbani ni volti 230. Ukiingia kwenye bodi ya umeme ya TV hugeuzwa kuwa umeme wa moja kwa moja wa zaidi ya volti 300, nao huhifadhiwa kwenye kapasita kubwa. Kapasita hiyo inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Fundi ana kifaa cha kuipima na anajua namna ya kuitoa chaji. Wewe ishia nje ya TV.

Haiwaki kabisa, hata taa nyekundu haipo

Fuata hatua hizi kwa mpangilio:

1. Angalia kama Luku ina uniti, kisha chaji simu kwenye soketi ileile. Simu isipochaji, tatizo liko kwenye soketi au ekstensheni.
2. Chomeka TV moja kwa moja ukutani, bila ekstensheni.
3. Sukuma vizuri waya unaoingia nyuma ya TV, maana hulegea. Kama TV inatumia adapta kama ya kompyuta, huenda ni adapta tu iliyokufa, na ni rahisi kuibadilisha.
4. Chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia kilichopo kwenye TV yenyewe kwa sekunde 30, subiri dakika tano, kisha rudisha. Mara nyingine TV iliyoganda baada ya umeme kukatika huamka hivyo.

Ukimaliza hayo na bado iko kimya, kwa kawaida bodi ya umeme ndiyo yenye hitilafu. Mara nyingi kilichoharibika ni fyuzi, dayodi au kapasita iliyovimba, na hizo hubadilishwa moja moja. Muulize fundi kama anaweza kutengeneza bodi iliyopo kabla ya kukuuzia nyingine.

Kwa wanaotumia sola: betri ikiwa chini, TV itawaka na kuzima, au itagoma kabisa. Usiunganishe TV ya volti 12 moja kwa moja na paneli. Paneli inayoitwa ya volti 12 inaweza kutoa zaidi ya volti 20 jua likiwa kali, na TV ikaungua. Pitisha umeme kwenye kidhibiti chaji na betri, na usikosee waya wa chanya na wa hasi.

Taa nyekundu inawaka lakini TV haiitikii

Huenda ni rimoti. Fungua kamera ya simu, elekeza rimoti kwenye kamera na ubonyeze kitufe chochote. Ukiona kwenye kioo cha simu mwanga mweupe au wa zambarau, rimoti inafanya kazi. Kamera ya nyuma isipoonyesha kitu, jaribu ya mbele, kwa sababu baadhi ya kamera huchuja mwanga huo. Usipoona mwanga popote, badilisha betri za rimoti kwanza.

Jaribu pia kuwasha kwa kitufe cha kwenye TV, ambacho mara nyingi kimejificha chini au nyuma. Taa nyekundu ikipepesa kwa kujirudia, hesabu inapepesa mara ngapi kabla ya kutulia. Kwa TV nyingi hiyo ni alama inayomwonyesha fundi pa kuanzia.

Sauti ipo, picha hakuna

Watu wengi wanapoona giza hudhani kioo kimekufa. Usiku, washa TV, zima taa ya chumbani, kisha mulika kioo kwa karibu ukitumia tochi ya simu. Ukiona picha hafifu inatembea kwa ndani, kioo kizima. Kilichokufa ni taa za nyuma, vile vitaa vidogo vinavyoangaza picha.

Katika TV nyingi vitaa hivyo vimeungwa kwa mfuatano. Kimoja kikiungua, mstari mzima huzimika, au TV huzima taa zote. Fundi anaweza kubadilisha mistari ya taa hizo bila kugusa bodi kuu wala kioo. Ni vizuri abadilishe seti nzima, kwa kuwa zilizobaki nazo zimechoka. Ikirudi nyumbani, punguza mwanga wa taa hizo kwenye mipangilio. Zikiwaka kwa nguvu zote muda wote, hufa mapema.

Mistari, madoa au kioo kilichopasuka

Fungua menyu ya TV. Kama mistari inapita hata juu ya menyu, tatizo liko ndani ya TV. Kama menyu ni safi, angalia king'amuzi na nyaya zake. Kioo kilichopasuka ni habari mbaya: ndicho kifaa ghali kuliko vyote kwenye TV, na mara nyingi kukibadilisha hakutofautiani sana na kununua TV nyingine. Uliza bei ya kioo kabla ya kulipia kazi yoyote.

TV inawaka lakini inasema hakuna mawimbi

Hapa TV yenyewe kwa kawaida ni nzima. Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012, TV nyingi zinategemea king'amuzi. Bonyeza kitufe kilichoandikwa SOURCE au INPUT na uchague tundu ulilochomekea king'amuzi. Chomoa waya wa HDMI urudishe, au hamia tundu lingine. Kisha angalia dishi: upepo huligeuza, na miti inayokua haraka kama mikaratusi na misonobari ya Mufindi huweza kulikinga.

Radi na umeme unaorudi kwa kishindo

Huku kwetu mvua za Novemba hadi Aprili huja na radi nyingi. Kuzima kwa rimoti au swichi hakutoshi. Mawingu yakianza kukusanyika, chomoa waya wa umeme pamoja na waya wa dishi au antena, maana radi hupitia njia zote mbili. Ukisikia radi tayari iko karibu, usishike nyaya hizo tena.

Umeme ukikatika, chomoa TV na usubiri dakika chache baada ya umeme kurudi. Kifaa cha kulinda TV dhidi ya umeme mkubwa au mdogo kinasaidia kwa umeme unaopanda na kushuka, ila hakizuii radi.

Ukienda kwa fundi

Piga picha ya karatasi iliyo nyuma ya TV yenye namba ya modeli, kisha mpigie fundi umweleze dalili kabla ya kusafiri. Beba TV ikiwa imesimama, kioo kikiwa kimekingwa kwa blanketi, na usiilaze chali. Ikitoka kwenye joto la Mbarali kwenda baridi ya Uyole, au Ismani kwenda Mafinga, na hasa ikirudi kutoka kwenye baridi kuingia penye joto, iache saa mbili au tatu kabla ya kuiwasha, kwa sababu unyevu huweza kuganda ndani.

Kubalianeni bei kwanza, omba urudishiwe kifaa kilichotolewa, na uione TV ikiwaka kwa nusu saa kabla ya kulipa.

Hifadhi ukurasa huu kwenye simu yako, na umtumie jirani ambaye TV yake imezima.