Lantana na Mwarobaini: Wadudu wa Nyasi za Waa

Kichaka cha lantana kikichanua pembeni mwa kaya, msitu mtakatifu wa Wamijikenda, hapa Waa kwenye Pwani ya Kenya, vipepeo hawaishi kukizunguka, na mgeni hudhani pori lina afya njema. Wanachofuata ni mbochi tu. Viwavi wao ni wateuzi zaidi: vipepeo wengi wadogo wa hudhurungi, wale warukao chini chini, hutaga kwenye majani ya nyasi. Lantana, iliyotoka Amerika ya kitropiki na kupandwa kwanza kama ua la bustani, huzinyima nyasi mwanga mpaka zikafa. Kipepeo mzima amepata kinywaji. Mwanawe amekosa chakula, na panzi pia.

Mwarobaini ni kesi ngumu zaidi, maana huku Pwani ni dawa ya kila nyumba. Asili yake ni Bara Hindi na nchi jirani. Popo na ndege hula matunda yake na kutawanya mbegu, hivyo siku hizi hujiotea wenyewe, hata ndani ya misitu ya kaya. Mbegu hasa zina azadiraktini, kemikali inayomzuia tunutu, yaani panzi mchanga, kujivua gamba; asipojivua, hakui. Mkulima huishukuru sumu hiyo shambani. Lakini mbugani, panzi ni chakula cha ndege na mijusi.

Lantana hung'olewa pamoja na mizizi yake, kabla matunda hayajageuka meusi na kuliwa na ndege. Ikifyekwa tu, huchipua tena.

Hata kwa kazi hiyo, kuingia kaya kunahitaji idhini ya wazee.