Malipo kwa wanamichezo wa vyuo vikuu

Malipo kwa wanamichezo wa vyuo vikuu ni fedha anazopewa mwanafunzi kwa kushindania chuo chake, mbali na ufadhili wa masomo. Suala hili linawagusa vijana wa magharibi mwa Kenya wanaotumia michezo kupata elimu.

Nchini Marekani, NCAA, chama cha michezo ya vyuo vikuu kilichoanzishwa mwaka 1906, kilishikilia kwa miongo mingi kanuni ya uridhaa, yaani mwanamichezo asilipwe. Mkenya Henry Rono aliweka rekodi 4 za dunia mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State. Baadaye Mkenya mwingine, Edward Cheserek, alitwaa mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon, kabla ya kanuni hiyo kulegezwa. Tangu Julai 2021 wanafunzi wanaruhusiwa kuuza haki za majina na sura zao. Mapatano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, yaliyoidhinishwa Juni 2025, yaliruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, kwa kikomo cha takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Hata hivyo, masharti ya viza ya mwanafunzi, F-1, yanawabana wanafunzi wa kigeni katika kufanya kazi, hivyo ni vigumu kwao kupokea malipo hayo.

Kwa kijana wa Bumula, kaunti ya Bungoma, anayetaka kusoma nyumbani badala ya Marekani, chuo kikuu cha karibu ni Kibabii, kilichopata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2015. Njia nyingine ni kuingia moja kwa moja katika riadha ya kulipwa: Emmanuel Wanyonyi, mzaliwa wa Trans Nzoia, alishinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 800 mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 20.