Spika, Msemaji Asiyesema

Neno "spika" katika Kiswahili chetu lina maana mbili. Kwanza ni kile kidude ndani ya redio yako kinachokutolea sauti hii. Pili ni yule mheshimiwa anayekalia kiti cha mbele Bungeni. Wote wawili wametoka kwa Waingereza, kwenye neno "speaker", yaani msemaji. Sasa huyu wa Bungeni anaitwaje msemaji na ilhali hachangii hoja? Kazi yake ni kuwapa wengine nafasi na kuwakatiza wakizidisha.

Ili kulijua hilo, turudi Uingereza ya karne ya 14. Bunge lao waliliita "parliament", neno lililozaliwa na Kifaransa cha kusema, kwa maana wakubwa wa nchi ile walikuwa wakitumia Kifaransa. Palikuwa mahali pa kusemea. Lakini kusema mbele ya mfalme hakukuwa mchezo. Wajumbe wa kawaida walimhitaji mtu mmoja wa kuyabeba maneno yao na kuyafikisha kwa wakubwa.

Mwaka 1376 walimchagua Peter de la Mare. Bwana huyu akasimama, akawashtaki watu wa karibu na Mfalme Edward III kwamba wanatafuna fedha za nchi. Bunge lilipokwisha, mwana wa mfalme, John of Gaunt, akamtupa gerezani Nottingham. Alitoka mwaka 1377, mfalme alipokuwa amekwisha kufa. Katika Bunge la mwanzoni mwa mwaka huohuo, mtu wa kwanza kuandikwa kwa cheo cha Spika alikuwa Thomas Hungerford. Naye alikuwa mtumishi wa huyohuyo John of Gaunt! Tangu siku ya kwanza, basi, kiti kile kilikuwa na swali: Spika ni msemaji wa nani?

Mwaka 1523 Spika alikuwa Thomas More. Alimwomba Mfalme Henry VIII awaruhusu wajumbe waseme yaliyo moyoni bila hofu. Miaka 12 baadaye, mwaka 1535, More alikatwa kichwa, na ajabu ni kwamba balaa lake lilianzia kwenye kunyamaza. Alikataa kutamka kuwa mfalme ni mkuu wa Kanisa, wala hakusema kwa nini. Alijitetea kuwa kisheria anayenyamaza huhesabiwa amekubali. Hoja hiyo haikumwokoa. Mfalme alijua, kama wajuavyo wahenga wetu, kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu.

Jibu la swali letu lilipatikana Januari 1642. Mfalme Charles I aliingia Bungeni na askari wake akiwatafuta wajumbe watano. Akamwuliza Spika William Lenthall wako wapi. Lenthall akapiga magoti, akajibu kwamba mahali pale hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema, ila kwa jinsi Bunge litakavyomwagiza. Mfalme akaondoka mikono mitupu. Kumbe ulimi wa Spika si mali yake, wala si mali ya mtawala.

Mwaka 1689 jambo hilo likatiwa katika sheria ya haki za raia: yasemwayo Bungeni yasihojiwe mahakamani wala mahali pengine popote nje ya Bunge.

Na sisi je? Fungua Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, Ibara ya 100. Utakuta karibu maneno yaleyale: uhuru wa mawazo na majadiliano Bungeni hautavunjwa wala kuhojiwa na chombo chochote, mahakama wala mahali penginepo nje ya Bunge. Sentensi hiyo imepita gerezani Nottingham na kwenye gogo la kukatia vichwa kabla ya kutufikia.

Kwa hiyo mbunge anaposimama, anasema chini ya kinga ambayo wengine waliilipia. Kinga hiyo hakupewa imlinde yeye kama yeye. Alipewa kwa sababu yetu tuliomtuma, tusioweza kuingia mle ndani. Akikaa miaka mitano bila kulisema la kwetu, hawezi kujitetea kwamba aliogopa. Tumwulize: ulimi ule tuliokupa, ulimwazima nani?