Miche ya gulioni

Biashara ya miche katika Afrika Mashariki ni changa kuliko kilimo chenyewe. Kwa vizazi vingi mkulima alitoa mbegu ghalani kwake, pingili za muhogo kwa jirani na chipukizi la mgomba kwa shemeji, wala hakulipa kitu. Mche ulianza kuagizwa na kugharimiwa yalipoingia mazao ya mashamba makubwa. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai mwaka 1893 ilikuwa 62 tu, na kwa miche hiyo 62 ukaanza mkonge wa Tanganyika. Mwaka 1902 kikafunguliwa kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, kilichojaribu mimea ya kigeni kwa ajili ya walowezi. Kitalu wakati huo kilikuwa cha serikali, cha misheni au cha mwenye shamba.

Kitalu kilipohamia uani kwa mwananchi, mchango wa wanawake wa Kenya ulikuwa mkubwa. Katika Green Belt Movement, iliyoasisiwa na Wangari Maathai mwaka 1977, wanawake wa vijijini waliatika mbegu hata katika vyungu vilivyovunjika, wakaviweka juu kuku wasivifikie. Walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika, si kwa kila mche uliooteshwa. Sharti hilo lilikuwa la busara, kwa sababu mche usioshika ni hasara tupu.

Kilichoufanya mche uwe na bei nzuri ni kubebesha, hasa kwa parachichi la Hass. Aina hii inatoka kwa Rudolph Hass wa California, aliyepata hataza yake mwaka 1935, na kokwa yake ikipandwa haizai Hass halisi. Kwa hiyo huatikwa kokwa za kienyeji kwenye viriba vyenye udongo wa msituni, samadi na mchanga. Shina likifikia unene wa penseli hukatwa na kupasuliwa katikati, kikonyo cha Hass kilichochongwa pande mbili hupachikwa humo, kisha kiungo hufungwa kwa utepe wa plastiki. Mti wa namna hiyo huweza kuanza kuzaa kwa miaka mitatu au minne. Ndiyo maana Njombe, Rungwe na Murang'a mkulima yuko tayari kununua mche.

Muuzaji mdogo humwagilia jioni ya kuamkia gulio, kwa kuwa udongo mkavu hubomoka njiani na kuacha mizizi wazi. Soko lake ni mwanzo wa mvua. Miche inayobaki msimu ukipita hutoboa viriba na kuzamisha mizizi ardhini, au mizizi hujizungusha ndani, na mti wake hudumaa hata ukipandwa vizuri.

Mnunuzi mzoefu hukagua mizizi na kiungo. Aina ya tunda haionekani kwa macho. Ataijua miaka mitatu baadaye, fedha na ardhi vikiwa vimekwisha kutumika. Nchini Kenya ukaguzi wa vitalu hufanywa na KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, na nchini Tanzania taasisi ya TOSCI ndiyo inayothibitisha mbegu. Kwa miche isiyo na cheti, mnunuzi makini huuliza vikonyo vilikatwa kwenye mti gani, na huomba apelekwe akauone.