Mgeni Aliyeshika Koki

Katika somo hili la historia hatutasema habari za wafalme wala za vita. Tutasema habari za uvimbe wa watoto, na jinsi uvimbe huo ulivyowafundisha wataalamu namna mwili unavyopewa amri. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: chembe, jeni, protini, kirusi.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto wa kiume wa miaka 5. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote, juu na chini. Muda si mrefu akamwona mtoto mwingine huko Jinja, mwenye uvimbe wa namna ile ile. Ilikuwa kansa. Burkitt akaanza kuuliza habari zake katika hospitali nyingi za Afrika. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari kiasi cha maili 10,000, toka Uganda mpaka kusini mwa Afrika. Wakaona kwamba ugonjwa huo hupatikana zaidi katika nchi za joto na mvua. Kwenye nyanda za juu zenye baridi ulikuwa nadra.

Mwaka huo huo Burkitt alitoa hotuba London. Anthony Epstein, aliyemsikiliza, akafikiri kwamba huenda kirusi kinahusika. Vipande vya uvimbe vikapelekwa kwake kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 yeye na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza kwamba wamekiona kirusi kipya. Kikaitwa Epstein-Barr.

Sasa sikilizeni kwa makini. Kirusi ni kidogo mno. Kinawezaje kuamrisha chembe ya mtu?

Ndani ya kila chembe yenye kiini mna jeni, yaani maagizo ya kutengeneza protini. Binadamu ana jeni za namna hii karibu 20,000. Fikirini bomba la maji. Maji yamo, lakini hayatoki mpaka koki ifunguliwe. Kila jeni nayo ina koki yake, mwanzoni mwake. Wataalamu huiita promota. Mikono inayofungua na kufunga koki hiyo ni protini za chembe yenyewe. Kwa kawaida koki ya ukuaji hufunguliwa kwa kiasi, kisha hufungwa.

Kirusi cha Epstein-Barr huingia katika chembe nyeupe za damu, zile zinazotengeneza kinga. Kikisha kuingia hutengeneza protini zake. Mojawapo huitwa EBNA2. Protini hii haishiki koki yenyewe. Humshika mkono mlinzi, yaani protini ya mwenyeji ambayo kazi yake ilikuwa kufunga, ikamfanya afungue. Hivyo jeni za ukuaji huamka, na chembe huanza kuzaana. Mgeni hakuandika agizo jipya katika jeni za mwenyeji. Ameshika koki tu.

Lakini msiogope. Watu wazima zaidi ya 90 katika kila 100 duniani wanacho kirusi hiki, nao wengi hawadhuriki, kwa sababu kinga ya mwili hukidhibiti. Kwa nini basi mtoto wa Mulago aliugua? Malaria ya mara kwa mara huzidisha chembe hizo nyeupe na kudhoofisha ulinzi. Chembe zinapozaana sana, makosa hutokea. Mwaka 1976 wataalamu wa Uswidi walieleza kwamba katika uvimbe huu kipande cha kromosomu ya 8 hukatika na kuungwa kwenye ile ya 14. Mwaka 1982 wataalamu wa Marekani wakatambua kwamba kipande hicho hubeba jeni ya ukuaji iitwayo MYC, nayo huwekwa jirani na jeni ya kinga. Katika chembe hizo, koki ya jeni ya kinga haifungwi kamwe. Ni kama bomba lako kuungwa kwenye koki ya jirani iliyoachwa wazi usiku na mchana. Tangu hapo chembe haina tena wa kuiambia, "Basi, yatosha."

Wasikilizaji, uvimbe huu si uchawi wala si laana. Hukua upesi sana, pengine kwa siku chache tu. Lakini kwa kuwa hukua upesi, dawa za kansa huuweza vizuri. Tangu miaka ya 1960 wako watoto wa Uganda na Kenya waliopona kwa dawa. Mzazi akiona taya au tumbo la mtoto linavimba, asingoje. Ampeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Burkitt na wenzake walijifunza nini katika safari ya 1961?
2. Koki ya jeni ni nini, na nani huifungua?
3. Kwa nini kuzuia mbu ni kuwakinga watoto na kansa hii pia?